Nukta isiyohama kwenye kioo cha laptopu

Mpwa wangu alinipigia simu saa tatu usiku. Anasoma uhasibu, mwaka wa pili, na kesho yake asubuhi alitakiwa kukabidhi zoezi la kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki.

"Shikamoo mjomba. Hesabu zinanikataa," alisema. "Nimejumlisha mara nne. Sasa nimegundua kuna nukta kwenye namba moja ambayo sikuiweka mimi, na nikiifuta haifutiki."

Alikuwa akizisoma namba kwenye skrini na kuzijumlisha kwa kikokotoo. Palipoandikwa 4850 yeye alisoma 48.50, na kuanzia hapo kila kitu kikaenda kombo. Nikamwambia anitumie picha ya skrini. Ilipofika kwa WhatsApp niliifungua, nikaikuza mpaka tarakimu zikajaa simu nzima. 4850. Hapakuwa na nukta yoyote.

"Mbona mimi siioni?"

"Ipo, mjomba. Naiangalia hapa."

Nikamwambia achukue simu aipige picha laptopu yenyewe. Safari hii niliiona: chembe nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha pini, imekaa chini kabisa kati ya 8 na 5, pale pale ambapo mhasibu huweka desimali. Nikamwomba asogeze jedwali juu mistari miwili.

Akakaa kimya kidogo. "Namba zimepanda," akasema. "Nukta imebaki."

Hivyo ndivyo pikseli moja iliyokufa ilivyoingia kwenye maisha ya familia yetu. Katika wiki mbili zilizofuata tulizunguka kwa muuzaji, kwa fundi wa kwanza na kwa fundi wa pili. Tulipoteza pesa, na mpwa wangu akapoteza kitu kikubwa kuliko pesa. Mengi ya hayo yangeepukika kama mtu angetueleza mapema nukta ile ni nini. Nayaandika haya kwa ajili ya wanafunzi, makarani na wazazi wanaoingia kila siku Kariakoo au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi kununua laptopu iliyokwisha kutumika Ulaya, wakiwa na akiba ya miezi mingi mfukoni.

Kuna watakaosema hiyo ni nukta tu. Watu wa mwambao walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi wasingesema hivyo. Katikati ya neno, kijino kile kile kikiwekewa nukta moja chini ni be. Nukta ikihamia juu kinakuwa nuni. Zikiwa mbili juu ni te, zikiwa tatu ni the. Nukta ikikosea mahali, neno limegeuka. Kwa mhasibu, nukta inaweza kuigawa pesa ya mtu mara mia. Kwa mtu anayerekebisha picha za harusi, inatua kwenye jino la bibi harusi na kumfanya afute kitu ambacho hakipo.

Kioo cha laptopu ya mpwa wangu kina upana wa pikseli 1,920 na kimo cha pikseli 1,080. Zidisha, utapata pikseli 2,073,600. Kila moja imegawanyika vipande vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, kwa hiyo vipande vyote ni 6,220,800, vimejipanga ndani ya kioo cha inchi 15.6. Ukitaka kuviona kwa macho yako, fungua ukurasa mweupe kwenye simu, chovya ncha ya kidole kwenye maji, kisha udondoshe tone dogo kabisa juu ya kioo. Tone litafanya kazi ya lenzi. Ule weupe utavunjika kuwa vichembe vyekundu, kijani na bluu, vimekaa kwa mpangilio kama shanga zilizotungwa. Futa mara moja, na jaribio hilo usilifanye kwenye laptopu, maana maji yakiteremka hadi ukingoni yanapenya ndani.

Nyuma ya vipande hivyo kuna taa inayowaka muda wote. Mbele ya taa kuna tabaka jembamba la fuwele za kimiminika, kitu ambacho si maji na si jiwe, ambacho hubadili mkao kikipata umeme na hivyo kuupitisha au kuuzuia mwanga. Fikiria nyumba za zamani za Zanzibar na Mombasa zenye madirisha ya vibao vya kupinda. Jua liko nje siku nzima. Kiasi cha mwanga kinachoingia chumbani kinaamuliwa na aliyeshika vibao. Kwenye kioo cha laptopu kila kipande ni dirisha, na kila dirisha lina bawabu wake, transista ndogo isiyoonekana kwa macho. Madirisha milioni sita, mabawabu milioni sita. Bawabu mmoja akiacha kazi, au waya unaomletea amri ukikatika, dirisha lake halisikii tena la mtu.

Likibaki wazi au likibaki limefungwa, hilo linategemea aina ya kioo. Kwenye vioo vya TN, vilivyojaa kwenye laptopu za bei ya chini, dirisha lisilopata umeme hukaa wazi, kwa hiyo bawabu akifa nukta hung'aa. Kwenye vioo vya IPS, ambavyo rangi zake hazigeuki ukivitazama kwa pembeni, dirisha lisilopata umeme hukaa limefungwa, na nukta huwa nyeusi. Cha mpwa wangu ni IPS. Ndiyo maana alipata desimali badala ya nyota.

Fuwele zenyewe hazikuanza na kompyuta. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, alikuwa Prague akichunguza kemikali iliyotokana na karoti. Akaona kitu kinayeyuka mara mbili: kwenye nyuzijoto 145.5 kiligeuka ute wenye ukungu, na kwenye nyuzijoto 178.5 ukungu ukaondoka kikawa angavu. Alimwandikia Otto Lehmann, mwanafizikia wa Ujerumani, na ndiye Lehmann aliyeziita fuwele za kimiminika. Ilipita miaka 80 kabla ya kampuni ya RCA ya Marekani kutangaza mwaka 1968 kwamba imetengeneza skrini kwa fuwele hizo. Wazo la kuipa kila nukta transista yake lilifanyiwa kazi na T. Peter Brody na wenzake kwenye maabara za Westinghouse, Pittsburgh, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1988 Sharp ya Japani ikaonyesha skrini ya rangi ya inchi 14 ya namna hiyo. Wazo hilo ndilo lililotupa picha safi tunayoifurahia leo. Ndilo pia lililotuachia udhaifu huu, kwa sababu ukitegemea mabawabu milioni sita, unahitaji wote milioni sita wawe hai siku kioo kinapotoka kiwandani na wabaki hai miaka yote utakayokitumia.

Viwandani kazi hii hufanywa ndani ya vyumba vyenye hewa iliyochujwa, wafanyakazi wamejifunika kuanzia utosini hadi unyayoni, kwa sababu punje ya vumbi jembamba kuliko unywele ikitua pasipotakiwa inaua pikseli. Hizo ni zile zinazozaliwa zimekufa. Nyingine tunaziua sisi. Mtu anafunga laptopu huku kalamu au spika za masikio zikiwa juu ya kibodi. Mwingine anaibeba kwa kukishika kioo badala ya kitako. Mwingine anaisokomeza kwenye begi pamoja na vitabu na kichwa cha chaja, kisha anapanda bodaboda. Kioo cha laptopu ni chembamba kuliko watu wanavyodhani, na hakina kinga nyuma yake zaidi ya kava.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu, kwenye sehemu inayoniuma mpaka leo.

Alikwenda peke yake kwa fundi aliye karibu na chuo. Fundi alitazama nukta, akamwambia ni virusi, akampigia Windows upya. Alipomaliza, nukta ilikuwa pale pale. Faili za muhula mzima, ambazo mtoto hakuwa na nakala yake popote, zilikuwa zimekwenda. Sidhani kwamba fundi yule alikusudia ubaya. Naamini hakujua, na akaona aibu kusema hajui.

Kosa lile lingezuiwa na jambo tulilokuwa tumekwisha kulifanya usiku wa kwanza bila kutambua maana yake. Picha ya skrini hutengenezwa na kompyuta kabla picha haijafika kwenye kioo. Nukta isipoonekana kwenye picha hiyo, kompyuta haina kosa. Mgonjwa ni kioo. Ukiwa na televisheni karibu, unganisha waya wa HDMI: nukta isipohamia huko, umepata jibu lile lile. Na jibu likiwa hilo, hakuna virusi, hakuna kupiga Windows, hakuna programu ya kusafisha kompyuta itakayosaidia, na fundi anayetaka kukutoza kwa mojawapo ya hayo mwambie asante uondoke.

Kabla ya hapo lakini hakikisha si uchafu. Zima laptopu, chukua kitambaa laini cha kufutia miwani, kilowanishe kidogo sana kwa maji safi, ufute bila kukandamiza. Usitumie spiriti wala dawa ya kusafishia madirisha, kwa sababu huharibu tabaka la juu la kioo. Nimeona nukta nyingi "zilizokufa" ambazo zilikuwa chembe ya ugali.

Kwa fundi wa pili nilikwenda na mpwa wangu mimi mwenyewe. Anafanya kazi kwenye chumba chembamba ghorofani Kariakoo, meza moja, taa moja ya kuinama, na nyuma yake rafu ya vioo vilivyofungwa kwenye sponji. Ni kijana wa miaka kama ishirini na mitano. "Shikamoo mzee," alisema, kisha hakusema lingine mpaka alipokuwa ameiwasha laptopu.

Hakugusa bisibisi. Alifungua programu ya kutengeneza slaidi, akatengeneza slaidi tano tupu, akazipaka rangi: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu. Akabonyeza F5 zikajaa skrini nzima, akazima taa ya meza, akaanza kuzipitisha moja moja. Kwenye nyeusi alikaa muda mrefu kuliko kwingine, uso wake karibu na kioo, akitafuta nukta inayong'aa. Hakuna. Kwenye nyeupe, nukta yetu ikajitokeza. Kwenye nyekundu ilikuwepo. Kwenye kijani ilikuwepo. Kwenye bluu ilikuwepo.

Akatoa kwenye mtoto wa meza lenzi ndogo ya kukuzia, ile ambayo mafundi saa hubana jichoni, akaniita. Niliinama. Niliona vijiti vya rangi vimepangana safu kwa safu, vinawaka, na katikati yake pengo moja jeusi lenye kingo zilizonyooka, kama jino lililong'oka.

"Unaona, mzee? Vipande vyote vitatu vimezima. Hii imekufa. Ingekuwa inaonyesha rangi moja tu, nyekundu au kijani isiyobadilika, ningekwambia imekwama, na iliyokwama naweza kujaribu kuiamsha."

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote hili kwa mwenye kutafuta tiba. Pikseli iliyokwama bado inapata umeme lakini imeganda kwenye rangi moja. Zipo programu zinazoipigapiga kwa kubadilisha rangi mara nyingi kwa sekunde, na mara nyingine, baada ya nusu saa au saa kadhaa, inaachia. Mara nyingine haiachii. Nyingi ya programu hizo hupatikana bure kwenye intaneti, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipa pesa nyingi kwa kuwekewa. Weka kidirisha chake juu ya nukta yenyewe, kisha uondoke; kule kumetameta kunaumiza macho, na mwenye kifafa asikutazame kabisa. Pikseli iliyokufa ni habari nyingine. Haipati umeme au haina bawabu wa kuutumia, na programu haiwezi kuamrisha kisichosikia.

Kuna pia ushauri wa kuibonyeza nukta kwa kidole au kwa ncha ya kalamu iliyofunikwa kitambaa. Nilimuuliza kijana. Akanyanyua kioo kimoja kutoka kwenye rafu, kina doa jeusi lenye ukubwa wa sarafu, limesambaa kama wino kwenye karatasi ya chooni. "Mwenyewe alikuwa na nukta moja," akasema. "Akaibonyeza." Zipo nukta zilizokwama ambazo zimewahi kuachia kwa kubonyezwa, lakini mimi baada ya kukiona kioo kile sitamshauri mtu yeyote ajaribu.

Tukauliza bei ya kubadilisha kioo. Kwanza alichomoa betri, akapitisha kadi ya zamani ya benki ukingoni mwa fremu ya plastiki, ikaachia kwa milio midogo midogo. Akafungua skrubu nne, akakilaza kioo juu ya kibodi kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto mchanga, akatuonyesha kibandiko cha mgongoni. "Namba hii ndiyo unayonunulia. Usinunue kwa jina la laptopu." Baada ya herufi za mwanzo kulikuwa na 156, yaani inchi 15.6. Nembo ya laptopu huwa ni ya kampuni moja na kioo ni cha kampuni nyingine kabisa, kwa sababu watengenezaji wa vioo duniani ni wachache: LG Display, AUO, Innolux, BOE na wengine wa kuhesabika. Akatuonyesha na mkanda wa waya unaoingia kwenye kioo, wenye pini 30. Laptopu za zamani zina pini 40, na zipo mpya zenye pini 40 pia, za kugusa kwa kidole. Ukinunua kioo cha pini tofauti, umenunua pambo la ukutani.

Bei aliyotaja ilikuwa karibu theluthi ya bei tuliyonunulia laptopu yote. Mpwa wangu alinitazama, mimi nikamtazama fundi.

"Kwa nukta moja?" akasema. "Mdogo wangu, ningekuwa wewe nisingebadilisha. Haiambukizi. Leo ni moja, mwakani itakuwa moja. Ukiona zimeanza kuongezeka, au umeona mstari kutoka juu hadi chini, hapo uje."

Alikirudisha kioo, akabana fremu, akakataa malipo ya ukaguzi. Tulimlazimisha achukue ya soda.

Nimekuwa nikimfikiria sana kijana yule. Alikuwa na sababu zote za kutuuzia kioo. Tulikuwa tumekwenda tukiwa tayari kununua. Biashara ya ufundi wa kompyuta katika miji yetu inasimama juu ya watu wa namna yake, na wanastahili wateja zaidi ya wale wanaobandika mabango makubwa.

Sasa niseme habari ya muuzaji. Siku ya pili tu baada ya kuiona nukta, mpwa wangu alikuwa amerudi dukani. Aliambiwa, "Dada, uliiwasha mwenyewe, ukaiangalia, ukaridhika." Na hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria.

Sheria za uuzaji wa bidhaa za Tanzania na Kenya zimechukua sura yake kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Zinamlinda mnunuzi kwa kutaka bidhaa iwe ya ubora unaouzika. Lakini zina kipengele kinachopaswa kujulikana na kila anayenunua mtumba: mnunuzi akishaikagua bidhaa, ulinzi huo hauhusu kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzibaini. Kwa maneno mengine, ule ukaguzi wa juu juu tunaoufanya dukani, wa kuiwasha, kuona imewaka na kugonga vitufe viwili vitatu, unaweza kutumika dhidi yetu. Tanzania ina pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mteja, na mwenye duka akikuhakikishia kwa mdomo au kwa maandishi kwamba kioo hakina kasoro huku kinayo, hapo una pa kusimamia. Shida ni ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mpwa wangu alipewa risiti iliyoandikwa "laptop 1" na kiasi, basi.

Hata anayenunua mpya kabisa asidhani yuko salama. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango namba 13406-2 kilichogawa skrini katika madaraja manne. Daraja la kwanza halikuruhusu kasoro hata moja. Daraja la pili, ambalo ndilo watengenezaji wengi walilolishika, liliruhusu kwa kila pikseli milioni moja nukta mbili zinazong'aa daima, mbili nyeusi daima na vipande vitano vyenye kasoro. Kwa kioo cha pikseli milioni mbili kama cha mpwa wangu, hesabu ilifika nukta nne zinazong'aa, nne nyeusi na vipande kumi vibovu, na bado kioo kikahesabiwa kizima. Mwaka 2008 kiwango hicho kilipisha familia ya viwango vya ISO 9241, lakini desturi ya kuvumilia idadi fulani imebaki, na kila kampuni ina idadi yake kwenye masharti ya waranti. Wapo waliojifunga zaidi: Dell, kwa mfano, imeahidi kwa monita zake za UltraSharp kwamba hata nukta moja ikikutwa inang'aa muda wote itabadilisha monita. Nukta inayong'aa kwenye giza inasumbua jicho kuliko nyeusi kwenye mwanga, na wanalijua hilo.

Siwalaumu watengenezaji kwa kuwepo kwa kasoro. Kutupa kila kioo chenye nukta moja kungepandisha bei ya laptopu mpaka mtoto wa mkulima asiifikie kabisa, na ni taka nyingi za bure. Vioo vya zamani vilivyokuwa na taa za mrija vina zebaki ndani yake, na hivyo havifai kutupwa jalalani na maganda ya ndizi. Ninachokilaumu ni ukimya. Mteja wa Dar es Salaam haambiwi kwamba idadi hiyo ipo. Anaijua siku anapodai, na siku hiyo inasomwa dhidi yake.

Mpwa wangu anaendelea na laptopu ile ile. Ameongeza ukubwa wa maandishi, kwa hiyo desimali ya kweli sasa ni nene na nukta yetu ni nyembamba, hazifanani tena. Jedwali lake huanza upande wa kushoto, nukta ikiangukia safu tupu. Akikaribia kukabidhi kazi, anasogeza ukurasa juu na chini mara moja, na kinachobaki pale pale hakihesabu. Kila Ijumaa anahifadhi faili zake kwenye flashi mbili, moja anabaki nayo, nyingine inakaa kwangu. Zoezi lile la benki alilifanya upya kwa mkono na mwalimu akampokelea.

Kwa wenye maduka nina ombi moja, na halina gharama. Wekeni kwenye kila laptopu ya maonyesho zile slaidi tano za rangi. Mteja akija, zipitisheni mbele yake, kisha mwandike kwenye risiti: kioo kimekaguliwa, nukta sifuri, au nukta moja nyeusi, na bei imepunguzwa kiasi hiki. Atakayenunua yenye nukta kwa bei nafuu akijua, hatarudi kugomba. Wengi wataichagua hiyo hiyo.

Na wewe msomaji unayekwenda kununua wiki hii, zitengeneze slaidi hizo leo usiku, uziweke kwenye flashi. Wakikataa flashi yako kwa kuogopa virusi, wana haki. Zitengeneze palepale kwenye laptopu yao, ni kazi ya dakika tano. Omba kiti ukae. Omba wapunguze mwanga au uigeuzie laptopu ukutani. Anza na nyeusi, uitazame pembe zote nne, halafu nyeupe, nyekundu, kijani na bluu, na pesa isitoke mkononi kabla hujaimaliza ya tano.